Linganisha Anunua Saa

Bwana harusi alikuwa ameinamia kaunta ya duka, suti mpya mwilini, sikio amelilaza juu ya saa ya betri kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa.

"Hii haina kelele kabisa," alisema. "Ya shangazi yangu inagonga mpaka usingizi unakukimbia."

"Ichukue basi, kaka," alisema mwenye duka.

"Taratibu, dada. Sijaishika ile nyingine."

Mtaani walimwita Linganisha. Hata kipande cha sabuni alikinunua baada ya kunusa duka zima. Mchumba wake naye alimlinganisha na wanawake wengine miaka na miaka, mpaka mwanamke wa watu akachoka. Jana akampa neno la mwisho: "Kesho saa tano, ofisi ya ndoa. Na uje na saa mkononi, maana mambo ya kuuliza watu saa njiani nimeyachoka. Ukichelewa narudi kwetu, na usinifuate."

Ofisi yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara. Simu alikuwa ameizima, kwa sababu mjomba wake hakuacha kupiga kumhimiza, na mtu hachagui kitu cha maana huku anasumbuliwa. Ya nini simu? Kabati zima la kioo lilimwonyesha saa nne na dakika kumi. Za bei ya chini na za bei ya chini zaidi, zote kauli moja. Hilo lilimfurahisha sana.

"Hii inaingia maji?"

"Haiingii. Labda uhamie kwa samaki."

"Mkanda wa ngozi utanuka jasho. Wa plastiki utaniwasha. Wa chuma utaning'oa vinyweleo."

"Basi ivae shingoni, kaka!"

Akavaa, akavua, akavaa. Akatoka mlangoni kuona ipi inasomeka juani. Akajifunika koti kichwani kuona ipi inang'aa gizani. Mwenye duka akafungua bakuli lake la chakula, akala, akanawa, akapiga mwayo. Bwana harusi akatupa jicho kabatini: nne na kumi. Akajisifu moyoni. Kumbe akiamua ni mtu wa haraka, watu humsingizia tu.

Mwishowe akachagua moja ya mkanda mweusi. Akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanyoosha mkono kwa madaha.

"Nifunge, dada. Leo kuna mtu atanishangaa."

"Subiri kwanza nibonyeze kitufe cha pembeni ianze kutembea. Humu kabatini tunazisimamisha zote, betri zisiishe." Mwenye duka akachungulia nje, akampazia sauti fundi viatu wa jirani. "Fundi! Saa ngapi huko?"

"Nane imepita, dada!"