Mtaalamu wa Eksirei

"Inua juani, mwanangu," mzee Teodori alisema. "Soma."

Asnath aliinua ile picha ya kifua. Kona yenye jina ilikuwa imekatika. Pafu la kulia lilikuwa na doa jeupe. Akamtazama baba yake. Jamani, alivyokonda! Shati lilimning'inia.

Kosa lilikuwa la kijiji kizima cha Mpui. Walisikia binti wa Teodori yuko Ulaya, anasomea mambo ya eksirei, basi, wakampa udaktari. Kumbe kazi yake ni kumulika chembe za nikeli zilizopakwa juu ya grafini, ule utando wa kaboni mwembamba ajabu, aone zinavyobadilika umeme unapopasua maji kuwa gesi. Nikeli angeisoma hata usingizini. Mapafu, hapana.

"Baba, mimi ni wa metali. Daktari alisemaje?"

"Daktari simjui, wewe nakujua. Eksirei ni eksirei. Utakachosema ndicho tutakachofuata."

Jikoni mama yake, Kristiana, ambaye mzee alimzidi umri sana, alikohoa. "Moshi huu utaniua!" akasema, akaendelea kusonga ugali wa ulezi. Mlangoni palikuwa na begi, limeshafungwa kwa safari ya hospitali Mbeya.

Asnath akatoka nje, akaipiga picha ile eksirei kwa simu, akamtumia rafiki yake daktari. Haikuchukua muda, simu ikaita.

"Ni uvimbe. Mgonjwa ana umri gani?"

"Ni baba. Themanini na kitu."

"Pole, Asnath. Kwa umri huo, kumpasua ni kumuua. Angekuwa na hamsini au sitini, ningesema mkimbizeni leo hii, angepona."

Alilia nyuma ya ghala la mahindi. Mashine zote zile anazozijua, na hakuna hata moja ya kumsaidia baba yake. Ya nini kumtesa mzee na mahospitali siku zake za mwisho? Akanawa uso, akarudi ndani.

"Baba, ni safi. Hamna kitu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mzee akajifunika uso kwa viganja, akacheka huku analia. "Wiki nzima chakula hakipiti, mwanangu. Kristiana! Umesikia? Kifua chako kizima!"

"Si nilikuambia ni moshi tu?" Mama akaja akijifuta mikono, akaketi kando ya begi, akaanza kutoa kanga zake, moja moja.