Kikombe Juu ya Kifua

Kikombe cha maji kilikuwa kimekaa juu ya kifua cha fundi viatu, nacho kilitetemeka.

"Msinitazame mimi," Profesa aliwaambia wanafunzi. "Tazameni maji. Huo ndio moyo."

Fundi viatu alinung'unika kwamba yeye alikuja kutibiwa, hakuja kugeuzwa meza. Wanafunzi wakaangua kicheko. Profesa alimtupia jicho mkewe aliyesimama kando yake, kisha naye akacheka.

Wodi nzima ilimwita Profesa huyo Mzee Mapigo. Kabla yake, somo la moyo lilifundishwa kwa vitabu vya watu wa mbali. Yeye ndiye aliyeunda, kwa sindano ya cherehani na masizi ya taa, mashine ya kwanza pale ya kuchora moyo unavyopiga. Nusu ya madaktari wa nchi walipita mikononi mwake, na wote walivijua vituko vyake. Ndevu marufuku, eti ni nyumba ya wadudu. Kuziba mdomo ukisema, marufuku. Swali liandikwe na kutiwa kwenye kopo la maziwa, maana mdomo husahau, karatasi haisahau. Ukimwamkia kwa nyuma haitikii, na wenye midomo walisema hayo ndiyo majivuno ya wasomi. Mkewe, nesi mstaafu, alimfuata kama kivuli. Mapenzi ya uzeeni hayo, walisema, hayana dawa.

Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa mwisho. Zamu ikamfikia msichana waliyemtania Kinyonga, kwa jinsi macho yake yalivyorukaruka kutoka mdomo huu hadi ule. Miaka mitano alikuwa wa kwanza darasani. Mama yake, dobi wa hospitali hiyohiyo, alisubiri mlangoni na koti jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, binti alivae akitoka humo daktari.

Profesa aligeukia dirisha kidogo, kisha akamkabidhi kipimo cha kusikilizia moyo. Binti akatia ncha zake masikioni. Akaweka kiganja juu ya kifua cha fundi, akakiacha pale. Akautazama mshipa wa shingo ulivyokuwa ukiruka.

"Vali ya kushoto inavuja, Profesa."

"Umeisikia?"

"Vizuri kabisa. Kama upepo kwenye tundu la mlango."

Profesa akakichukua kipimo, akaingiza koleo ndogo ndani ya mpira wake, akavuta. Kikatoka kipande cha pamba kirefu kama kidole.

Binti akaungama: homa ilimpata akiwa na miaka kumi, ikaondoka na masikio yake yote mawili. Tangu hapo anasoma midomo. Lakini jibu, aliuliza, si ndilo?

"Ndilo. Zuri kuliko yote ya leo," Profesa alisema. "Ila daktari kiziwi ni muuaji aliyevaa koti jeupe. Kwangu hupiti."

Mkewe akamshika mkono. Alisema polepole, akimtazama usoni: "Aseme hivyo yeyote, baba watoto. Lakini usiwe wewe."

Profesa akauvuta mkono wake, akatoka.

Nyuma yake wanafunzi walinong'onezana. Miaka mitano wamekula na binti huyu, wamekesha naye vitabuni, wala hawakushuku. Mzee amejuaje, kwa kumtazama tu?

Binti alimpita mama yake bila kumwona, akamfuata Profesa koridoni. Alimwita mara tatu, kwa sauti ya kupasua koo. Mzee wa watu hakugeuka. Majivuno yaleyale.

Dobi alikuwa amesikia kila neno pale mlangoni. Akaliegemea kwa uzito wake wote toroli la mabeseni ya chuma, na toroli likapinduka na mabeseni yake yote.

Korido nzima iliruka: manesi, wagonjwa, hata mlinzi aliyekuwa amesinzia. Binti hakuruka. Aliona tu watu wakiruka, na katikati yao mgongo wa Profesa ukizidi kwenda mbele, taratibu, bila kutikisika.

Mkewe akamfikia, akambonyeza kiwiko, mara mbili.

Ndipo Profesa akashtuka.