Sanduku la Bati

Siku ya kupokea wanafunzi wapya, Sista Anisia, mkuu wa chuo kidogo cha kanisa, alimwita Dismas aje awatie moyo wazazi. Dismas alihitimu pale miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo amekuwa akichoma matofali. Vumbi jekundu halikutoka kwenye kucha, ingawa alizisugua sana.

Aliwaambia wazazi kwamba walimu wana upendo na masomo ni mazuri. Mama mmoja, aliyekaa na binti yake juu ya sanduku la bati, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, na kazi ulipata?"

Sista akatazama sakafu.

"Sijapata, mama," Dismas alisema kwa uchovu. "Nachoma matofali."

"Ungeambiwa uanze upya, ungesoma tena hapa?"

"Ningesoma. Ila ningemsihi mama yangu asiuze shamba lote."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama akainuka polepole. Binti naye akainuka, akashika kishikio kimoja cha sanduku, akamngoja mama yake ashike cha pili, bila kujua kama wanalipeleka bwenini au nyumbani.