Kitulizo cha Mama

Siku ya kuanua matanga ya Baba, Mama alikibandua kitulizo chake nyuma ya sikio, akakiweka kwenye sahani ya kaimati. Sote hubandikwa tukifika miaka saba, na tangu hapo hakuna anayelia. Akajifunika kanga aliyoolewa nayo, akaangua kilio. Wageni wakaacha kula.

"Mwanahawa, njoo unishike, mwanangu. Naogopa, lakini nataka nimlilie baba yako."

Nilidhani anaumwa. Nikamshika kwa nguvu, nikakirudisha kitulizo mahali pake. Akanyamaza pale pale. Alipojifuta uso kwa ile kanga, akashangaa, akauliza kwa upole nani kailowesha.

"Ni mimi, Mama," nikamjibu. "Nimeimwagia chai."