Kigingi cha Nne

Wenzake walikuwa wanawaaga wageni, Advera anahesabu vigingi.

Wageni walikuja Goweko na darubini kubwa ya miguu mitatu. Eti kuna kisayari cha barafu, mbali kuliko sayari zote, kitaifunika nyota fulani kwa dakika moja tu, nao wanataka kuiona dakika hiyo. Kivuli chake kingepita Uyui nzima, ila shamba la tumbaku la Advera ndilo lililokuwa wazi.

"Vigingi vitatu tu, mama, vya kushika miguu ya darubini," mgeni mmoja alimwambia.

"Barafu ya kufuatwa huku?" shoga yake mmoja alidakia. "Tabora mjini si imejaa, tena kwenye vifuko?"

Uwanja mzima ulicheka. Advera alicheka pia, lakini roho yake ilikuwa ng'ambo ya reli, kwa yule mjane mwenzake aliyepigiwa vigingi vyekundu shambani na wapima ardhi. Mvua iliyofuata, hakuwa na pa kulima.

Asubuhi hii wageni waling'oa vyao: cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Tumemaliza, mama. Tunashukuru sana."

"Haya, babangu."

Akaenda kufukuza mbuzi kwenye kona ya shamba, kule barabarani. Mbuzi alikuwa anajikuna kwenye kigingi.

Advera alikigusa. Rangi ilikuwa mbichi, ikambakia kidoleni, nyekundu.

Nyuma yake gari la wageni likawashwa. Alikimbia akaenda kusimama katikati ya njia, kidole juu.