Pai Isiyo na Maswali

Msomi aliitia siagi kwenye sufuria, akawasha moto.

Mama Pai, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya jiko, alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Unafanya nini?"

"Nailainisha, mama."

"Unailainisha. Basi iogeshe kabisa, uipake na poda." Akaligeukia jokofu, maana aliona afadhali kuzungumza nalo. "Siagi ya pai inaingia kwenye unga ikiwa baridi, ngumu kama kipande cha sabuni. Unaikatakata kwa kisu mpaka iwe punje punje kama mchele. Paka wangu angekuwa na mikono angeshafika mbali."

"Samahani, mama."

Msomi akaitoa sufuria motoni, akafuata siagi nyingine kwenye jokofu. Midomo yake ilichezacheza bila sauti, kama ya mtoto anayekaribia kulia. Mama Pai aliiona, roho yake ikatulia kidogo.

Miaka kumi na tisa watu walikuwa wakipanga foleni kwenye mgahawa wake kwa kitu kimoja tu: pai ya chai ya Thailandi, yenye rangi ya tofali jipya, laini hadi kijiko kinaona aibu. Mapishi yake hayakuandikwa popote. Mama Pai aliyachukua kwa macho, enzi akiosha vyombo kwenye jiko la hoteli ambako aliyeuliza swali alifukuzwa kazi. Sasa mikono yake ilitetemeka, hakuweza kuvunja yai bila maganda kutumbukia. Mwanawe wa pekee akaomba jiko apewe mkewe.

Alikubali, kwa sharti lile lile alilowekewa yeye. Jumanne hadi Ijumaa Msomi apike, Mama Pai atazame, na lisiulizwe swali hata moja. Likiponyoka swali, au pai ya Ijumaa ikitoka vibaya, jiko linakwenda kwa mpwa wake, bwana mwenye vidole kama ndizi ambaye angalau ni damu yake.

Leo ilikuwa Jumatano, na Mama Pai alishaanza kuvikumbuka vidole vile kwa mapenzi.

Jina la Msomi alimpachika yeye mwenyewe. Kabla ya kuolewa, huyu binti alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali, akipima damu za watu tone kwa tone. Na huyo huyo ndiye aliyetia unga jana kwa kukisia, kisha akaliacha ganda la pai kwenye oveni hadi likawa na rangi ya tairi. Mama Pai alimpa vidonge vyake mchana kutwa, vikombe vingapi, moto kiasi gani, dakika ngapi. Leo unga ulipimwa sawasawa na ganda likatoka la dhahabu. Mama Pai akaliita bahati.

Ikafika zamu ya chai. Msomi alibandika maziwa, akayasubiri yachemke mpaka yakafura, ndipo akayamwagia majani. Jiko zima likanuka kama jani lililoungua.

"Zima," alisema Mama Pai. "Zima kabla sijafia hapa ukanichemsha na mimi. Hayo ni majani ya chai, si maharage. Maziwa yakianza tu kutoa moshi pembeni, unazima. Unatia vijiko sita, unafunika, unayaacha dakika ishirini. Huko maabara mlikuwa mnachemsha wagonjwa?"

"Hapana, mama."

"Nilidhani."

Msomi alichuja kwa kitambaa. Kisha akakikunja kile kitambaa na kukikamua kwa mikono miwili, maji ya rangi ya machungwa yakimtiririka hadi kwenye viwiko.

Mama Pai alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, hizo ni nguo unafua? Uchungu wote wa chai uko humo humo unamokamua. Kitambaa kinaning'inizwa, kinadondosha chenyewe, wewe unakwenda zako."

Akachovya kijiko, akaonja, akakitua kama mtu aliyegusa kitu kilichokufa. "Mwaga. Leo hata kwenye mayai hatufiki."

Msomi akamwaga.

"Siku mbili sasa," alisema Mama Pai, akijiinua kwa kushikilia meza, "sijakusikia ukiuliza kitu."

"Ulikataza, mama."

"Nilikataza, ndiyo. Lakini mtu anayetaka kujua, swali humtoka tu hata akiziba mdomo. Mimi lilinitoka mara mbili, nikajifanya nakohoa. Wewe huna hata la kukoholea." Alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Sikia, mke wa mwanangu. Sura unayo. Shikilia hapo hapo."

"Ahsante, mama."

Alitoka akiwa mwepesi. Ijumaa ilikuwa imeshakwisha kabla haijafika. Atampigia mpwa wake leo leo, amwambie anunue aproni, kubwa.

Kwenye ukumbi mwembamba nje ya jiko aliinama kufunga kiatu. Kile kifungo kidogo na vidole vyake vinavyotetemeka havikuelewana, akabaki ameinama. Mlango nyuma yake haukuwa umejifunga vizuri. Ndani, Msomi alikuwa anaongea kwa simu.

Sauti haikuwa ya mtu anayelia. Ilikuwa sauti kavu, ya taratibu, ya mtu anayesoma majibu ya vipimo.

"Andika. Siagi baridi, punje za mchele. Maziwa yakitoa moshi, zima. Vijiko sita, dakika ishirini. Kitambaa kining'inie, usikamue. Umeandika chini ya yale ya jana?"

Bomba likafunguliwa, sufuria ikaanza kusuguliwa.

"Yamebaki mayai tu, mume wangu. Kesho nitayaharibu."