Bi Mwanakheri Aenda Kusuta

Bi Mwanakheri alijifukiza udi, akajitanda kanga mpya, akaingia maabara kama mtu anayekwenda kumsuta mbaya wake mlangoni.

"Nionyeshe," akamwambia Salha, mtafiti wa saratani.

Salha akaweka kipande cha kioo chini ya hadubini. "Huu hapa, mama. Ndio uvimbe uliotolewa titini mwako. Mwilini haumo tena. Sisi tunauchunguza ili wengine tuwawahi mapema."

Bi Mwanakheri akainama, akafumba jicho moja. Akaona doa la waridi, kama sharubati iliyomwagika mezani.

"Kumbe ndiwe wewe? Huna lolote! Umeninyonyoa nywele, umeninyima usingizi, na leo nimekuja na wanja machoni. Nitazame vizuri!"

Akapiga kigelegele mpaka chupa za rafuni zikalia.

Kisha akaona kioo kingine pembeni. "Na huo?"

"Wa mama mmoja, bado yuko wodini. Jina sikwambii."

"Nani kakuuliza jina?" Alikwisha kujitandua kanga, anaikunja. "Mpelekee. Mwambie siku ya kuja kuusuta wake, asije na nguo kuukuu."

Akatoka kichwa wazi, nywele changa zimeanza kuota, akitembea kwa madaha.